Zana za Isidori

Dirma, 22 Februari

Kaka Isidori amerudi leo kutoka hospitali. Mama alikuwa amechinja jogoo tangu asubuhi. Kaka aliingia, akasema "Shikamoo Mama" kwa sauti kama ya mtu aliyejifunika blanketi, akaketi mezani na kusifu harufu ya mchuzi. Kipande kimoja cha nyama alikitafuna muda mrefu sana. Kisha akatoka nje kana kwamba anakwenda kuangalia ndama, akakitema nyuma ya zizi. Alidhani hatumwoni. Mama alimwona, na mimi nilimwona Mama akimwona.

23 Februari

Ameniambia. Ni saratani ya koo. Tulikuwa tumesimama zizini, yeye ameshika pembe ya ng'ombe mweupe.

"Wamesema imeshapita mahali pa kukata," alisema. "Wameniwekea bomba dogo humo ndani ili nimeze."

"Mama tutamwambia lini?"

"Mama anajua tangu Krismasi, Seve. Hajui jina lake tu."

Nilitaka kulia, nikashindwa kwa sababu yeye hakuwa analia.

27 Februari

Jua kali. Mvua bado. Kaka amekunywa uji wa mtama, mwepesi.

3 Machi

Leo kaka kaniita chumbani kwake, kwenye mashine yake kubwa, akasema, "Nataka tutengeneze SDK." Nikamwambia tutafanya wiki ijayo. Akasema, "Wiki ijayo ipi?" Nikapandisha sauti. Nilisema vitu ambavyo sitaki kuviandika, nikatoka na kuubamiza mlango.

Mama alinikuta jikoni nikipepeta maharage ya mbegu ambayo tayari yalikuwa yamepepetwa. Akauliza, "Mnagombania nini? Hiyo esidii-kei ni kitu gani?"

Nikamweleza. Nilimwambia: Mama, lile boksi la kijivu kwenye kisima cha Getanuwas lina kompyuta ndogo ndani. Ndiyo inayozima pampu maji yakipungua kisimani, isije ikaungua, na ndiyo inayomtumia Mzee Bura, anayekitunza kisima, ujumbe kwenye simu. Visima vyote tulivyofunga maboksi viko hivyo. Lakini kompyuta ile ni dhaifu, haiwezi kujitengenezea programu zake. Programu zinajengwa hapa, kwenye mashine ya kaka, kwa namna ambayo ile ndogo itazielewa, halafu tunazipeleka. Mimi naandika, kaka anajenga. Sasa anataka kukusanya kila kinachotumika kujengea, akifunge kwenye faili moja, ili mtu yeyote mwenye laptop ajenge kwake bila kuja hapa. Faili hilo ndilo linaitwa SDK.

"Bila kuja hapa," Mama akasema.

"Ndiyo."

"Yaani bila yeye."

Nikaendelea kupepeta. Akachukua ungo mikononi mwangu na kuutundika ukutani.

4 Machi

Mawingu yamejaa juu ya mlima Hanang mchana kutwa. Hayakushuka. Uji.

9 Machi

Amekuja mgeni. Anaitwa Belinda, fundi wa maji, ameletwa wilayani mwaka jana kutoka Kigoma. Kaka ndiye aliyempigia simu, hakuniambia. Alifika na bodaboda kutoka Katesh, vumbi mpaka kwenye kope, akapiga goti kumwamkia Mama vizuri tu, siwezi kusema hakuamkia vizuri. Lakini hakukaa hata kidogo. Alikunywa maji, akaenda moja kwa moja kwenye mashine ya kaka na kuanza kuuliza. Hii inafanya nini? Na hii? Ana sauti kubwa. Ana kucha nyekundu. Anacheka kila kitu.

Kaka alimjibu kila swali. Sijamsikia akiongea hivyo tangu arudi. Alipomaliza alikohoa mpaka akashika ukuta.

12 Machi

Ujenzi wa SDK umeanza. Si kazi ya kubonyeza mara moja ukasubiri chai. Mashine inavuta kwanza vipande vyote kutoka kwenye mtandao, na mtandao wetu ni simu ya kaka iliyofungwa kwenye fremu ya dirisha. Halafu inajenga zana zenyewe za kujengea, halafu inakusanya maktaba zilizomo kwenye yale maboksi, ndipo inafunga faili. Feni inavuma chumbani kama mtu anayepepeta.

Mvua ya kwanza imenyesha jioni. Mama amesimama mlangoni akiinusa.

13 Machi

Umeme umekatika. Kazi ya jana imekatikia njiani. Kaka alisema, "Haina neno, itaendelea ilipoishia," akalala ameelekea ukutani. Maziwa kikombe kimoja.

16 Machi

SDK imekamilika. Belinda alikuja na laptop yake, ya zamani, kava lake limeshikwa kwa plasta. Akajaribu kulifungua faili, likakataa. Akajaribu tena, likakataa. Kaka akainama kuangalia, akatabasamu. Laptop ya Belinda ni ya zile za biti thelathini na mbili, na faili lilitengenezwa kwa laptop za sitini na nne. Zana zenyewe ni nzima, ila haziwezi kutembea kwenye mashine ile.

"Basi nitatafuta laptop nyingine, kaka," Belinda akasema. Kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka.

"Hapana. Hiyo ndiyo uliyo nayo. Nitabadilisha mstari mmoja, tuanze upya."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nitaandika ukweli: nilifurahi lilipokataa. Niliona kana kwamba siku zimeongezeka.

17 Machi

Mvua. Tumepanda maharage shamba la juu, mimi na Mama. Feni inavuma.

19 Machi

Mvua. Uji umemshinda, maziwa yamepita.

24 Machi

SDK ya pili imekubali kwenye laptop ya Belinda. Akajenga programu yangu ya pampu, akaipeleka kwenye boksi la mfano lililo juu ya meza ya kaka. Boksi likasema haliwezi kuiendesha. Belinda akageuka mwekundu, maana yeye ni mweupe kidogo, inaonekana. Kaka alicheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Belinda alikuwa amesahau kuiambia laptop itumie zana za SDK. Kila ukifungua dirisha jipya la kazi lazima uiambie kwanza, la sivyo laptop inajenga programu ya kwake yenyewe, ambayo boksi haliijui.

"Kila mtu hufanya hivyo," kaka alimwambia. "Hata mimi."

Mimi sijawahi kufanya hivyo. Sijawahi kujenga chochote.

2 Aprili

Leo nitaandika sana kwa sababu sijui nimwambie nani.

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Tangu maporomoko yale ya matope ya Hanang, mvua ikizidi hivi watu hapa wanatoka nje kuutazama mlima, hata wale wanaokaa mbali nao. Belinda alikuwa amefika jana na akakwama, barabara ya Katesh haipitiki. Nilipita mlangoni kwa kaka na chupa ya maziwa, nikamsikia akimtajia Belinda maneno ya siri ya maboksi. Moja moja. La Getanuwas, la hapa Dirma, la Basotu. Anasema kwa kunong'ona, na Belinda anasogeza sikio karibu na mdomo wake.

Niliiweka chupa chini. Nikasema, "Miaka yote hii programu za visima hivyo nimeandika mimi. Hukuwahi kunionyesha hata mara moja jinsi ya kujenga. Leo unamkabidhi mtu wa kuja?"

Belinda akasimama. "Dada Severina, mimi..."

"Sijaongea na wewe."

Akatoka. Akapita mlango wa nyuma, kwenye mvua.

Kaka alinitazama. Amekwisha uso, macho yamekuwa makubwa. Akanionyesha kiti, sikukaa. Basi akaongea hivyohivyo, na ilinibidi nisogee ili nimsikie, mpaka nikajikuta nimeinama kama Belinda alivyoinama.

"Unakumbuka ile kazi ya Dodoma?" akasema.

Nakumbuka. Aliitwa, akafunga begi, hakwenda. Sisi tulisema anaipenda nyumbani.

"Kisima cha Basotu kilisimama wiki ileile. Halafu kingine. Hakuna aliyeweza kujenga ila mimi. Kila nikifunga begi kuna watu hawana maji." Akapumzika. "Nikikuachia wewe peke yako, Seve, nitakuwa nimekufunga palepale nilipofungwa mimi."

"Basi ungetufundisha wote wawili!"

"Ndicho ninachofanya. Wewe umekataa kukaa."

Ni kweli. Tangu Februari kila akinionyesha kiti nina ng'ombe wa kukamua, nina kuni, nina maharage.

Nikasema, "Nimekataa kwa sababu nikishajifunza utakufa."

Ilinitoka hivyo, kama mtoto. Kaka akanionyesha tena kile kiti. Kisha akasema taratibu kabisa, "Nitakufa hata usipojifunza."

Nilikaa kwenye kile kiti. Tulilia, yeye bila sauti kwa sababu hana, mimi kwa sauti ya wote wawili. Mvua ilikuwa inapiga bati, nadhani Mama hakusikia. Au alisikia.

Baadaye nilikwenda kumtafuta Belinda. Nilimkuta jikoni, nywele zimelowa, amejifunga kanga ya Mama, wanachambua mboga pamoja. Mama alikuwa akimsimulia kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno jinsi Isidori alivyofungua redio ya baba alipokuwa mdogo, akashindwa kuifunga. Belinda hakuwa anacheka. Alikuwa akimsikiliza Mama, machozi yanamdondokea kwenye mboga, wala hayapangusi.

"Dada, nirudi Katesh?" akaniuliza.

"Barabara haipitiki," nikasema. "Sogea motoni ukauke."

3 Aprili

Nimekaa kwenye kiti. Belinda kushoto, mimi kulia. Nimejifunza kuanzisha ujenzi. Nimesahau kuiambia laptop itumie zana za SDK. Kaka alinyoosha kidole kwa Belinda, kama kusema, unaona?

6 Aprili

Mvua. Maharage yameota vizuri. Maziwa, kidogo.

11 Aprili

Padre amekuja kumpa Mpako wa Wagonjwa. Jumuiya yote ilijaa sebuleni na matope yao. Waliimba. Kaka alifumbua macho wimbo ulipokwisha, akanitafuta, akanionyesha mashine kwa kidevu. Nikamwambia imezimwa, umeme hakuna. Akafumba tena.

15 Aprili

Belinda alijaribu kujenga sehemu ya kutuma ujumbe wa simu. Ikagoma. SDK inasema haijui maktaba ile. Kwenye maboksi ipo, lakini vinavyohitajika kuijengea havikuwekwa kwenye kifurushi. Kaka alivisahau. Alipotambua, alijipiga paji la uso kwa mkono ambao hauna nguvu tena, mkono ukamwangukia shingoni.

Belinda akasema, "Kaka, tutaacha hiyo. Pampu inazima yenyewe, inatosha."

Kaka akatikisa kichwa. Mtu wa Getanuwas asipopata ujumbe hatajua kisima kimekauka mpaka akina mama wafike na ndoo.

16 Aprili

Tumefanya leo. Belinda na Mama walimwinua, tukamketisha na mito kila upande. Hawezi tena kunong'ona. Akanionyesha kwa kidole faili gani nifungue, na mahali pa kuandika. Nikaandika mstari ule mwenyewe, jina la maktaba na vya kuijengea. Nilipokosea herufi aligonga kifundo cha mkono wangu. Nikafuta. Nikaandika tena. Akaacha mkono wake juu ya wangu, hakuugonga.

Mashine ilijenga tangu asubuhi. Tuliomba umeme usikatike kama tunavyoomba mvua miaka mingine, na mvua nayo ilikuwa inanyesha. Kaka alilala palepale kwenye godoro miguuni pa mashine, maana inatoa joto. Mama alimpaka midomo maji kwa kitambaa.

Alasiri ikamaliza. Belinda akaweka SDK mpya kwenye laptop yake, akajenga, akatuma kwa mtandao mpaka kwenye boksi la Getanuwas. Tukakaa. Simu ya kaka ikalia. Alikuwa Mzee Bura wa Getanuwas, nikaweka sauti ya nje.

"Ujumbe wa kisima umefika," alisema. "Isidori, ni wewe umetuma? Umepona?"

Belinda alinitazama. Mimi nilimtazama kaka. Kaka akamnyooshea Belinda kidole.

"Shikamoo mzee," Belinda akasema, sauti yake kubwa imekuwa ndogo. "Ni mimi, Belinda. Nimetuma mimi."

"Marahaba. Na Isidori?"

Nikachukua simu, nikatoka nayo nje.

20 Aprili, Pasaka

Hakuna aliyekwenda kanisani ila Mama, na alirudi kabla ya mahubiri. Maji tu, kwa kitambaa.

26 Aprili

Kaka amefariki leo asubuhi.

30 Aprili

Tumemzika jana. Kaburi lilikuwa linaingia maji, vijana wakawa wanayachota kwa ndoo mpaka dakika ya mwisho. Nilijikuta nikifikiri kwamba ni ajabu mtu aliyehangaika na maji maisha yake yote azikwe kwenye maji. Sikumwambia mtu.

Mzee Bura alikuja na watu kutoka Getanuwas, wametembea sehemu kubwa ya njia kwa sababu gari lilinasa. Alisimama kusema neno, akasema tu, "Tulikunywa," akakaa.

Belinda alipika na wanawake siku zote za msiba. Kucha zake hazina rangi tena. Ndugu zetu wa Mbulu waliuliza ni mkwe wa nani. Mama aliwajibu kwa Kiiraqw kwamba ni binti yake, na hakueleza zaidi. Nami sikumsahihisha.

12 Mei

Mvua zinapungua. Sijaingia chumbani kwa kaka. Mama amehamishia kitanda chake humo. Mashine ameifunika shuka.

19 Mei

Mama hali chakula vizuri. Ninapopika ananiambia nipunguze chumvi, nilainishe zaidi, nilainishe zaidi. Leo nilimwambia, "Mama, hiki ni chakula chako." Akaangalia sahani muda mrefu.

27 Mei

Nimepata barua pepe kutoka Arusha, watu waliowahi kuona kazi yetu. Wananitaka kazini. Sijajibu.

Sijui kama kaka angeniambia niende. Najua angeniambia niende. Ndiyo maana sitaki kufikiri angeniambia nini.

4 Juni

Radi imepiga Getanuwas, mvua ya mwisho kabisa, wakati hakuna aliyeitegemea. Kipima maji cha kisima kimeungua. Belinda amepata kingine, lakini cha aina tofauti, programu yangu haiwezi kukisoma. Alinipigia kunijulisha. Nikasema nitakuja. Akasema, "Dada, pumzika. Nijaribu kwanza."

Nimekaa na simu mkononi siku nzima.

9 Juni

Tumeanza kung'oa maharage shamba la juu. Nilishuka nyumbani kuchukua magunia, simu ikalia.

"Dada! Imewaka!" Belinda alikuwa kisimani kwenyewe, nilisikia watu na ng'ombe nyuma yake. "Nimeandika upya sehemu ya kipima, nimejenga hapahapa juu ya mfuniko wa tangi, nimeweka. Inasoma vizuri. Mzee Bura amepata ujumbe."

"Ulikwama wapi?" nikamuuliza.

"Sikukwama popote, dada."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. SDK ina kila kitu."

Nikampongeza. Nilimpongeza kwa moyo, naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Halafu nilikata simu, nikaketi juu ya magunia. Tangu tarehe nne nilikuwa nikisubiri akwame. Nilikuwa nikisubiri kipungue kitu, chochote, ili mtu aseme, hili angelijua Isidori tu. Hakuna kilichopungua. Kaka alikuwa amemaliza kazi yake.

Nikapandisha magunia shambani. Mama alikuwa ameinama mstari wa katikati, kanga kiunoni, mafungu ya maharage nyuma yake. Aliniona usoni, akanyooka.

"Nani alipiga?"

"Belinda. Kisima cha Getanuwas kimetengemaa. Amefanya mwenyewe, kila kitu, na zile zana za kaka."

Mama alifikiri.

"Kwa hiyo sasa hawamhitaji tena," akasema.

"Hawamhitaji, Mama. Ndivyo alivyotaka."

"Mimi namhitaji," Mama akasema, akainama tena.

Niliyaweka magunia chini. Nikashika mstari wa pili, karibu na wake, tukang'oa mpaka shamba likaisha.